Mjadala: Sensa ya 2032 ituulize kabila, au tuache ilivyo?

Mwanzisha mada (Ipagala, Dodoma)
Mbukwenyi! Usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 tulihesabiwa, tukafika 61,741,120. Karani alitaka kujua umri wetu, elimu, mifugo, hadi choo. Kabila hakugusa. Mara ya mwisho swali hilo kuulizwa ilikuwa sensa ya 1967.

Naelewa kwa nini liliondolewa. Ila nendeni mnadani Kondoa au Chemba mkasikilize. Mrangi anaongea Kibantu, Mburunge Kikushi, Mmang'ati lugha ya Kiniloti, na Msandawe anapiga vidoko vyake ambavyo hata jirani wa miaka thelathini hawezi kuviiga. Yote hayo kwenye mnada mmoja wa mbuzi! Sasa niambieni Wasandawe wako wangapi leo. Kila mtu anakisia. Mtu usiyemhesabu utajuaje kama anapungua?

Mchangiaji wa 1
Mkuu, hapo unafukua makaburi. Wabelgiji waliandika kabila kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda miaka ya 1930. Mwaka 1994 karatasi hizohizo zikawa zinasomwa kwenye vizuizi vya barabarani, mtu anauawa kwa neno moja. Wale waliokimbilia Ngara hawakusimuliwa, waliyaona.

Na sisi hapa tuna makabila zaidi ya 120, hakuna hata moja linaloweza kutamba kwamba nchi ni yake. Ukishatoa takwimu, kesho mgombea atazibeba mfukoni: "Sisi ni wengi jimbo hili, kwa nini mbunge awe mtu wa kuja?" Dodoma hii iliyojaa watu wa kuja tangu serikali ihamie ndiyo itaungua ya kwanza. Mwaka 1963 tulifuta hata utawala wa machifu, tena kwa makusudi. Hilo swali libaki 1967.

Mchangiaji wa 2
Mimi baba Mrangi, mama Mgogo, nimezaliwa Temeke, mke wangu Mhaya. Mwanangu karani atamwandika nini? Mpogoro? 😂

Mchangiaji wa 3 (mwalimu, Kwa Mtoro, Chemba)
Mnacheka, lakini darasani kwangu naliona tatizo la mleta mada. Mtoto wa darasa la kwanza anaingia hajui Kiswahili vizuri, tunamwona mzito kumbe haelewi maneno yangu. Ukiomba kitabu chochote cha kumsaidia kwa lugha yake, huna namba ya kuonyesha wako wangapi kama yeye. Ubaguzi siutaki, nataka hesabu ya watoto wangu tu.

Mwanzisha mada
Mchangiaji wa 1, Rwanda umenishika, sibishi. Kabila kwenye kitambulisho, hapana kabisa. Narekebisha hoja: karani asiulize "wewe kabila gani?", aulize "nyumbani mnaongea lugha gani?", na ruhusa ya kutaja mbili au tatu. Mtoto wa yule bwana wa Temeke atajibu Kiswahili, kwisha. Mwalimu wa Kwa Mtoro naye atapata namba zake.

Mchangiaji wa 1
Lugha ni kabila lililovaa koti. Ukisema nyumbani tunaongea Kisukuma, umebakiza nini?

Ila hilo la mwalimu limenigusa. Mwalimu, shuleni kwako hamwezi kuwahesabu wenyewe pale wanapoandikishwa, bila kusubiri 2032?