Gumzo la ukoo: mnyororo au shada?

Mjomba Hafidh: Asalaam aleikum jamaa zangu. Najua huko kwenu jua linakuchwa, huku Philadelphia ndiyo kwanza saa nne asubuhi. Nataka ushauri. Dalali mmoja wa sarafu kaniwekea mbili, na mfuko wangu unatosha moja tu.

[picha] [picha]

Mjomba Hafidh: Zote ni senti za Marekani za mwaka 1793. Ya kushoto wanaiita ya mnyororo, ya kulia ya shada. Ananishikia mpaka kesho jioni.

Zuhura Muscat: Waaleikum salaam mjomba, shikamoo. Hiyo ya kushoto mbona imelikalika hivyo?

Nassor: Shikamoo mjomba. Bei?

Mjomba Hafidh: Marahaba wanangu. Ya mnyororo 4,500, ya shada 3,600. Dola.

Nassor: Senti moja kwa shilingi milioni kumi na kitu za Tanzania????

Bi Salma: Muulize vizuri Nassor. Mie nauliza tangu juzi sijajibiwa. Na friji letu linavuja maji.

Mjomba Hafidh: Friji litatengenezwa mke wangu.

Bi Salma: Haya.

Mama Mkubwa Rukia: Hafidh, hebu eleza polepole sisi tusiojua tukuelewe. Zote mwaka mmoja, zote senti, mbona picha mbili tofauti?

Mjomba Hafidh: Swali zuri Da Rukia. Kiwanda cha serikali cha kupiga sarafu kilianzishwa kwa sheria ya Aprili 1792, hapahapa Philadelphia, maana ndiyo uliokuwa mji mkuu wakati ule. Machi 1793 wakaanza kupiga senti. Upande mmoja kichwa cha mwanamke, nywele zimemtimka, juu yake neno LIBERTY. Upande wa pili mnyororo wa duara wenye pete 15, kila pete jimbo moja. Yalikuwa 13, Vermont na Kentucky zikaongezeka. Walikusudia umoja.

Mama Mkubwa Rukia: Uhuru mbele, mnyororo nyuma?

Mjomba Hafidh: Ndiyo hivyo dada. Na watu hawakunyamaza. Magazeti ya mwezi uleule yaliandika kuwa mnyororo ni ishara mbaya kwa uhuru, na huyo Bibi Uhuru mwenyewe anaonekana kama kashtuliwa. Baada ya chini ya wiki mbili wakasimamisha. Zilitoka 36,103 tu. Aprili wakaja na sura nyingine: nywele zimetengenezwa kidogo, nyuma wameondoa mnyororo wakaweka shada la majani. Hizo zikapigwa 63,353 mpaka Julai.

Zuhura Muscat: Kwa hiyo ya shada ni radhi ya wananchi 😂

Nassor: Na hiyo ya shada ni nzuri mjomba. Rangi ya chokoleti, majani yote yanaonekana, tarehe inasomeka. Ile nyingine mimi hata tarehe siioni.

Mjomba Hafidh: Inasomeka 179, ile 3 uitafute kwa taa ya pembeni. Zile za mnyororo zilichongwa kwa juu juu, wala hazina duara la shanga ukingoni la kukinga uso, basi zilikwisha upesi mifukoni mwa watu. Za shada walirekebisha: uso umeinuka zaidi na shanga wakaweka. Ndiyo maana za shada zinakutwa na afya.

Nassor: Basi kesi imekwisha. Nafuu ya dola 900, sura nzuri, na ukitaka kuuza mnunuzi haulizi maswali. Kwangu mimi dukani bidhaa yenye kasoro ukiinunua rahisi utaiuza rahisi, ila hii kasoro unainunua GHALI.

Mjomba Hafidh: Ya shada imo ndani ya kasha la plastiki, imepimwa ubora na wakaguzi wa sarafu, imepewa namba 8 katika mizani ya 1 mpaka 70. Ya mnyororo iko uchi, imo kwenye bahasha ya karatasi. Ina vitundu vya kutu upande wa kichwa, na mkwaruzo mmoja wa zamani shingoni. Ikipelekwa kupimwa haitapewa namba, itaandikwa tu kwamba ni halali lakini ina madhara.

Zuhura Muscat: 70 ya nini? Kwa nini si 100?

Mjomba Hafidh: William Sheldon, mtu aliyebobea kwenye hizi senti kubwa za shaba, ndiye aliyeibuni mwaka 1949. Hesabu yake ilikuwa kwamba senti iliyochakaa kabisa ikiwa na thamani ya 1, ile safi kabisa ni mara 70. Baadaye sana ikaja kugundulika mzee mwenyewe alikuwa akibadilisha senti za American Numismatic Society, chama cha wataalamu wa sarafu kule New York. Anachukua nzuri, anaacha mbovu yake mahali pale pale.

Mama Mkubwa Rukia: Mwenye mizani ndiye mwizi! Makubwa.

Mama Mkubwa Rukia: Sasa Hafidh, hiyo ya mnyororo si uisugue tu na ndimu na majivu? Mama akizing'arisha sinia zake za shaba hivyo, unajiona uso.

Mjomba Hafidh: DADA USINIUE

Mjomba Hafidh: Shaba ya miaka zaidi ya mia mbili ngozi yake ndiyo hiyo ya kahawia. Ukiigusa na ndimu unaibambua, inabaki ya waridi, na mnunuzi mwenye macho anaijua akiwa mlangoni. Hata kitambaa kikavu siruhusu.

Bi Salma: Nathibitisha. Nilipangusa moja vumbi mwaka jana tukanuniana siku nzima.

Nassor: Mjomba tusitoke kwenye mada. Iko uchi, haijapimwa, kwa 4,500. Huo si mbuzi kwenye gunia?

Mjomba Hafidh: Hapo umesema neno. Senti ya mnyororo inaghushiwa sana. Kuna za kisasa zinazotoka viwandani kwa mafungu, na kuna za karne ya 19 zilizotengenezwa kwa umeme: maganda mawili membamba ya shaba, katikati risasi, yamegundishwa. Hizo zilikuwa za kuzibia pengo kwenye makusanyo, si lazima zilikuwa za utapeli, lakini leo zinaumiza watu. Ukiangalia ukingo kwa lenzi unaona mstari wa kiungo.

Nassor: Na hii?

Mjomba Hafidh: Ukingo sijauona vizuri, picha zake hazionyeshi. Kesho naenda mwenyewe na mizani. Uzito wa sheria ulikuwa gramu 13.48. Iliyochakaa namna hii itapungua kidogo, lakini ikinijia na 11 naaga naondoka. Na ukingoni lazima nione majani ya mzabibu na vijiti, maana senti zote za mnyororo zina pambo hilo.

Zuhura Muscat: Nimekuza picha nahesabu pete. Napata 14.

Mjomba Hafidh: Hesabu tena, anzia chini kwenda kulia.

Zuhura Muscat: 14 na kivuli.

Mjomba Hafidh: Kivuli ndicho cha kumi na tano. Mkwaruzo haukufika, ni kuchakaa tu.

Mama Mkubwa Rukia: [ujumbe wa sauti]

Zuhura Muscat: Mamkubwa mie niko kazini siwezi kusikiliza, andika.

Mama Mkubwa Rukia: Haya naandika. Nimesomesha historia miaka na miaka, niacheni niseme. Tarehe 12 Februari 1793, katika mji huohuo wa Philadelphia, Rais Washington alitia saini sheria ya kuwarudisha watumwa waliotoroka. Mwenye mtumwa anaweza kumfuata mpaka jimbo jingine, akamkamata, akamfikisha kwa hakimu, akarudi naye. Siku kumi na saba baadaye kiwanda kikaanza kupiga senti yenye UHURU upande huu na mnyororo upande ule. Sisemi mchongaji alikusudia. Yeye alikusudia umoja wa majimbo, Hafidh ameeleza. Lakini hakuna sarafu nyingine ya nchi ile inayokuonyesha mwaka ule ulivyokuwa kuliko hiyo. Ya shada ni nzuri, ndiyo, ni majani.

Zuhura Muscat: 👏🏾👏🏾

Nassor: Mamkubwa historia haina soko.

Mama Mkubwa Rukia: Wewe Nassor, kinachouzwa hapo kwa milioni kumi ni nini kama si historia? Shaba yake hata sufuria haitoshi.

Bi Salma: 😂😂 Kapatikana.

Zuhura Muscat: Mjomba, mimi ningekushauri uchukue dola ya Sayyid Said.

Mjomba Hafidh: Nikuuze wewe na Nassor na nyumba ya Rukia, haitatosha.

Nassor: Dola gani tena?

Zuhura Muscat: Hujui? Dola yenye tarehe 1804. Marekani walifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said, Sultani wa Muscat na Zanzibar, mwaka 1833, aliyekuja kuuleta ni mjumbe wao Edmund Roberts. Rais Jackson akaamuru watayarishe seti za sarafu za zawadi, moja ya Sultani, moja ya mfalme wa Siam, Thailand ya leo. Wakapiga dola 1834 lakini tarehe wakaweka 1804, kwa kuwa vitabu vilionyesha mara ya mwisho dola kupigwa ni mwaka huo. Roberts akaja na meli Peacock 1835, ikakwama kwenye miamba ya kisiwa cha Masirah kabla ya kufika hapa Muscat!

Mjomba Hafidh: Zinazojulikana duniani hazifiki hata ishirini ukijumlisha na zilizorudiwa baadaye. Ile inayoaminika kuwa ndiyo ya Sultani iliuzwa mnadani 1999 kwa dola milioni 4.14, na 2021 kwa milioni 7.68.

Nassor: Subhanallah. Na sisi babu katuachia nini?

Mama Mkubwa Rukia: Kakuachieni kopo la biskuti lenye pesa za Sultani Barghash, zile zenye picha ya mizani, mkanunulia barafu.

Mjomba Hafidh: Moja niliiokoa dada. Na ndiyo inayonitia kwenye matatizo haya. Ile pesa ya Barghash ya 1299 Hijria ni katika sarafu za kwanza za usultani wa Zanzibar. Ndipo nilipoanzia. Nikatafuta pesa ya Wajerumani ya 1890. Nikatafuta shilingi ya kwanza ya Tanzania ya 1966, hiyo haikunigharimu kitu. Trei yangu yote ni sarafu ambazo utawala au serikali ilitoa mara ya kwanza. Nchi ninayoishi ndiyo tundu lililobaki.

Zuhura Muscat: Mjomba kama trei ni ya za kwanza, mbona unatuuliza? Ya shada ni ya pili.

Nassor: Ngoja. Nimetafuta hapa, kuna nusu disme ya 1792, sarafu ya senti tano. Basi ya mnyororo nayo si ya kwanza.

Mjomba Hafidh: Umechimba vizuri. Hizo zilipigwa Julai 1792, lakini jengo la kiwanda lilikuwa halijawa tayari, wakatumia chumba cha chini kwa John Harper, fundi wa misumeno. Jefferson mwenyewe, waziri wa mambo ya nje wa wakati ule, alizipokea 1,500. Bei yake tuiache. Ya mnyororo ndiyo ya kwanza kutoka ndani ya kiwanda chenyewe kwa ajili ya watu kununulia mkate.

Nassor: Na hiyo ya tatu ya 1793 niliyoiona, yenye kofia?

Mjomba Hafidh: 11,056 tu. Aliyechora ni Joseph Wright, akafa mwaka uleule kwa homa ya manjano. Haishikiki.

Nassor: Sawa, mimi nimeshindwa kwa hoja ya trei. Lakini nina masharti. Moja, asilipe kabla ya mizani. Pili, huyo dalali aandike kwa mkono wake kwamba wapimaji wakiikataa, hela inarudi yote, na nauli ya posta juu yake. Tatu, apunguze. Kitu kina mkwaruzo shingoni halafu bei kamili?

Bi Salma: Nassor mwanangu, ungekuwa huku ningekutuma wewe.

Mama Mkubwa Rukia: Na asivae ile saa yake akienda. Ukienda kuomba kupunguziwa na saa ile nani atakusikiliza.

Mjomba Hafidh: Nimepokea yote. Na saa naivua.

*Kesho yake*

Zuhura Muscat: Mjomba, vipi? Umekwenda?

Nassor: Kimya hiki, kuna kitu kimenunuliwa.

Mjomba Hafidh: Nimetoka sasa hivi. Gramu 12.9. Ukingo nimeuzungusha wote chini ya lenzi, majani yapo, vijiti vipo, kiungo hakuna. Ile 3 ya tarehe nimeiona kwa taa, mguu wake wa chini umebaki. Karatasi ya kurudisha kaandika na kutia saini.

Nassor: Bei mjomba, bei!

Mjomba Hafidh: Alianza kukaza. Nikamwonyesha mkwaruzo, nikamwambia nina mpwa Kariakoo hakubali. Tumemalizana 4,150.

Nassor: Ungefika 4,000.

Mama Mkubwa Rukia: Mabruk Hafidh. Picha ya upande wa mnyororo niletee, kubwa, nitaionyesha wanafunzi wa yule jirani yangu mwalimu.

Bi Salma: Na fundi wa friji anakuja Jumatano. Kalipiwa kabisa, kwa hizo 350 zilizopungua. Nimezichukua palepale mlangoni.

Zuhura Muscat: 😂😂😂 Hongera mkaza mjomba

Nassor: Mjomba, ile ya shada bado anayo?

Mjomba Hafidh: Anayo. Kwa nini?

Nassor: Nauliza tu.