Mdogo wangu alibakwa. Naogopa anafikiria kujiua. Nimuulize?

Dada Mkubwa: Ndugu zangu, naomba ushauri. Mdogo wangu wa kike alibakwa miezi saba iliyopita na mtu tuliyemwamini. Mwanzoni alilia sana, kisha akanyamaza, nasi tukadhani anapata nafuu. Juzi alinirudishia vitabu vyote alivyoazima kwangu, akavipanga mezani kimoja kimoja, akaniomba radhi kwa usumbufu wote aliotupa. Tangu hapo silali. Je, nikimuuliza waziwazi, sitakuwa nimemtia wazo hilo kichwani?

Mnasihi: Dada, muulize leo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumchochei kufanya hivyo, na mara nyingi humpunguzia mzigo. Kugawa au kurudisha vitu na kuomba radhi kama anayeaga ni dalili nzito, hasa kwa aliyebakwa, kwa sababu kiwewe kinachoambatana na jinamizi, aibu na kukosa usingizi kinaweza kuzidi miezi mingi baada ya tukio, wakati jamaa wameshaacha kumuulizia hali. Sema neno lenyewe: "Unafikiria kujiua? Umeshapanga?" Akikubali, asiachwe peke yake hata kidogo, ondoeni karibu naye chochote anachoweza kujidhuru nacho, na mpelekeni kwenye huduma ya dharura siku hiyo hiyo.

Niliyepona: Nami nilibakwa, na nilifika pale alipofika mdogo wako. Kilichonisukuma zaidi ni swali la mama: "Kwa nini hukupiga kelele?" Nilijiuliza swali hilo kila usiku kwa mwaka mzima, mpaka muuguzi mmoja aliponieleza kwamba mwili hushikwa na ganzi kwa hofu, sauti ikakataa kutoka, na kwamba kuganda huko si kuridhia. Kwa hiyo, dada, usimdadisi kuhusu siku ile. Mwambie unamwamini na kwamba kosa si lake, hata kama atageukia ukuta asikujibu. Baadaye mtafutieni mtaalamu wa tiba ya kiwewe. Mimi ilinisaidia, ingawa taratibu mno.

Dada Mkubwa: Nimemuuliza. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaitikia kwa kichwa. Tuko hospitali, daktari wa afya ya akili ameshamwona, na sasa amelala akiwa ameshika mkono wangu.