Naomba ushauri: kuripoti mabinti wanaovutwa na itikadi kali mtandaoni

Wakuu, tunaandaa mwongozo kwa watangazaji wa redio za jamii hapa Mwanza, tumekwama sehemu moja. Shamima Begum, msichana wa Uingereza, aliondoka London Februari 2015 akiwa na miaka 15 kwenda Syria kujiunga na kundi la kigaidi la Islamic State. Magazeti ya Uingereza yakamwita bibi harusi wa jihadi, umri ukasahaulika. Inauma, maana mtu anayemvuta binti hupotea kwenye habari: anaanza kuzungumza naye hadharani mtandaoni, anahamia faragha, anamtaka awafiche wazazi, ndipo anatuma nauli.

Tumeshakataza picha za uso, majina ya akaunti na kunukuu propaganda neno kwa neno. Sasa binti wa Ilemela au Sengerema akihojiwa, tubadilishe sauti? Lafudhi, shule na mtaa bado humtambulisha. Au msomaji mwingine asome maneno yake? Mliowahi kurusha mahojiano kama haya, mlifanyaje?