Ninaomba ushauri: kitabu cha mapishi kwa mgonjwa wa kisukari na presha anayekula vyakula vyetu vya pwani

Mwanatanga

Ndugu zangu, habari za leo. Ninaomba msaada wa wenye ujuzi wa lishe na wa wale wanaowapikia wagonjwa majumbani. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 61, ana kisukari cha aina ya pili na shinikizo la juu la damu. Kliniki wamemwandikia metformin na glibenclamide pamoja na dawa ya presha, na kila anapohudhuria huambiwa apunguze wanga, mafuta na chumvi, lakini hatujaonyeshwa chakula hicho kinapikwaje. Hapa Tanga tunakula wali, ugali, samaki wa kupaka, kisamvu cha nazi, maharage, mihogo, na chapati siku za mapumziko. Ninatafuta kitabu cha mapishi kitakachotuacha ndani ya vyakula hivi hivi.

Vitabu nilivyoviona hadi sasa vimenikatisha tamaa. Vile vya kutoka nje vina vipimo kamili na picha nzuri, ila karibu kila ukurasa unadai kinoa, mafuta ya zeituni, samaki wa salmoni na maziwa ya lozi, vitu ambavyo ama havipatikani sokoni kwetu ama bei yake haivumiliki. Vile vinavyouzwa kwa simu na watu wanaojiita wataalamu wa lishe vinataja vyakula vyetu, lakini mapishi ni machache na amri ni nyingi: sukari ibadilishwe kwa asali, chumvi ya kawaida itupwe na kununuliwa ya rangi ya waridi, mapishi yote yawe ya mafuta ya nazi, sembe ni sumu na dona ni dawa, asubuhi anywe maji ya limau na juisi ya mboga mbichi ili kusafisha mwili. Kimoja kinasema aache kabisa vyakula vya wanga, na kwamba atakayefuata maagizo hatahitaji tena vidonge. Majirani wanakisifu sana kijitabu hicho, na mama ameanza kukiamini. Ni yapi kati ya haya yana msingi, na kitabu cha kuaminika nitakipata wapi?

Afisa Lishe Mstaafu

Mwanatanga, pole kwa kuuguza. Kuna jambo lisiloweza kusubiri vitabu, nami nitaanza nalo. Glibenclamide huisukuma kongosho itoe insulini, mgonjwa awe amekula wanga au hakula. Anayemeza dawa hiyo kisha akaacha ghafla ugali, wali na mihogo, kama kijitabu kinavyoagiza, anaweza kushukiwa na sukari hadi akatetemeka, akatokwa na jasho, akachanganyikiwa, hata akapoteza fahamu, na watu wenye umri mkubwa wamo katika hatari zaidi. Kupunguza wanga kunaweza kumfaa sana mama yako, lakini daktari wake ajue mapema ili aangalie dozi. Kuacha vidonge kwa sababu kijitabu kimeahidi kupona ni jambo ninalokusihi umzuie nalo leo, si kesho.

Kuhusu asali, takriban asilimia 80 yake ni sukari. Shirika la Afya Duniani linaihesabu, pamoja na juisi ya matunda, katika kundi lile lile la sukari ya mezani, kundi ambalo linashauri lisizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku, na ikiwezekana lisizidi asilimia 5. Mgonjwa wa kisukari anayemimina asali kwenye chai akidhani ameiepuka sukari atapanda sukari vile vile, na kwa sababu ameambiwa ni dawa huenda akamimina zaidi. Maji ya limau hayana ubaya kwa watu wengi, ila hayaoshi chochote ndani ya mwili, kwani kazi ya kuondoa taka hufanywa na ini na figo. Juisi ya mboga ikichujwa huacha nyuzinyuzi kwenye chujio, na nyuzinyuzi ndizo zilizokuwa na faida kubwa kwa mama. Tena spinachi na mchicha vina kwa wingi kemikali ya asili iitwayo oksalati, na mtu mwenye figo dhaifu akinywa glasi kubwa za majani mabichi kila siku anaweza kuziumiza. Mboga hizo hizo zikichemshwa na kuliwa kwa kiasi cha mlo ni chakula bora kabisa. Kisamvu kisiingie kwenye juisi kamwe, kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana kemikali zinazotoa sianidi, na ndiyo maana wazee wetu waliyatwanga na kuyachemsha kwa muda mrefu.

Sasa vitabu. Ninapopewa kitabu cha mapishi ya afya, hufungua kwanza pishi la chakula ninachokijua vizuri, kama maharage, nikatazama kama mwandishi ametaja linalisha watu wangapi, mafuta ni vijiko vingapi na chumvi ni kiasi gani. Kitabu kinachosema «mafuta kiasi» na «chumvi kwa ladha» hakiwezi kumsaidia mgonjwa wa presha, hata jalada lake liandikwe nini. Kisha hutafuta ahadi. Mwandishi anayeahidi kwamba chakula chake kitaondoa kisukari au kitachukua nafasi ya dawa, kitabu chake hukirudisha kwenye rafu bila kuendelea kusoma.

Kwa Tanzania, anzia Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973. Ipo pia jedwali la virutubishi vya vyakula vya Tanzania lililotolewa mwaka 2008, ambalo si kitabu cha mapishi, lakini kwalo utajua gramu 100 za muhogo au za kunde zina nini. Kumbuka pia kwamba halmashauri yenu ina afisa lishe, na kumwona ni haki yenu.

Kasimile

Dada Mwanatanga, mimi ni mpishi wa shughuli hapa hapa pwani, na ninaomba tuzungumze kuhusu nazi kabla haijahukumiwa. Bibi zetu walikula nazi maisha yao yote. Wagonjwa wa kisukari tunaowaona sasa wamezidi katika miaka hii ya chipsi, soda na kukaa kitako, wala si katika miaka ya samaki wa kupaka. Ninaogopa kwamba mama ataondolewa nazi, abaki na chakula kisicho na ladha, kisha baada ya muda mfupi arudie kila kitu kwa hasira.

Afisa Lishe Mstaafu

Kasimile, hofu yako ni ya haki na sitaki nazi iondoke jikoni. Ninachokipinga ni kijitabu kinachoagiza mafuta ya nazi yawe ndiyo mafuta pekee ya kupikia. Wauzaji husema hayana lehemu (kolesteroli), na hilo ni kweli, kwa sababu lehemu hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama. Wasichokisema ni kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mafuta hayo ni yale ya aina inayoganda, ambayo hupandisha lehemu mbaya ndani ya damu ya mlaji mwenyewe. Mafuta ya alizeti yana takriban asilimia 10 tu ya aina hiyo. Mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia tafiti zilizokuwepo na kushauri watu wasiyatumie mafuta ya nazi kwa kudhani yanalinda moyo. Bibi zetu walitumia tui, pamoja na samaki, mboga na kazi za shamba. Hawakukaangia mafuta ya nazi ya chupa asubuhi na jioni.

Kasimile

Hapo tumekubaliana, basi nitoe la jikoni. Samaki wa kupaka anahitaji kasimile, yaani tui zito la kwanza, na hakuna njia ya kuikwepa, kwa hiyo apikwe siku moja moja kama chakula cha wageni. Kisamvu, maharage na kunde havihitaji tui zito hata kidogo. Kamua nazi, weka kasimile pembeni kwa matumizi mengine ya nyumba, kisha pikia tui la pili na la tatu, ambalo mafuta yake ni machache na harufu ya nazi bado imo. Vijiko viwili vya kasimile vikitiwa mwishoni, chungu kikiwa kinaepuliwa, mlaji huipata ladha kamili. Ukitia kasimile mwanzoni ikachemka na kukatika, utahitaji nyingi zaidi kuupata utamu ule ule. Chumvi nayo itiwe mwishoni, kwa kijiko cha kupimia, na nafasi yake ijazwe na ndimu, ukwaju, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili. Acha kabisa viungo vya pakiti vya kuongezea ladha ya mchuzi, maana sehemu kubwa ya kile unachokionja humo ni chumvi.

Mkulima wa Kibaigwa

Ninaomba kuongezea kuhusu dona, kwa sababu mahindi ndiyo kazi yangu na suala hili husemwa nusu tu. Ni kweli kwamba kukoboa huondoa pumba na kiini, na pamoja navyo nyuzinyuzi, vitamini na madini, kwa hiyo dona ni bora kuliko sembe kwa lishe. Lakini sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka zilizohifadhiwa na unyevu, hukaa kwa wingi katika sehemu za nje za punje, zile zile ambazo dona huzibakiza. Mwaka 2004 watu 125 walifariki nchini Kenya, hasa upande wa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na mwaka 2016 sisi wa Dodoma na ndugu zetu wa Manyara tulipata msiba wa namna hiyo hiyo. Kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Kwa hiyo, dada, usinunue unga wa dona usiojua mahindi yake yalitoka wapi. Nunua mahindi makavu, yachambue kwa mkono, toa punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye rangi ya kijani au kijivu, kisha ukasage mwenyewe kidogo kidogo. Na jambo moja wasilolisema wauzaji wa vijitabu: ugali wa dona bado ni ugali. Mgonjwa wa kisukari akila donge kubwa la dona kwa sababu ni «dawa», sukari itapanda. Vivyo hivyo kwa mtama, ulezi na muhogo.

Msomaji wa Mvita

Salamu kutoka Mombasa. Ninakipendekeza kitabu cha mapishi kilichotolewa mwaka 2018 na Serikali ya Kenya kwa ushirikiano na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Kimekusanya vyakula vya jamii mbalimbali za Kenya, kikataja viambato vyake kwa vipimo, na kila pishi limewekewa hesabu ya virutubishi. Kinapatikana bure kwenye intaneti. Kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini anayejua kupika atakifuata kwa urahisi, na vyakula vya pwani utavitambua mara moja.

Nina tahadhari moja ambayo ninaiona kuwa kubwa. Kitabu hicho kiliandikwa kuonyesha namna watu wanavyopika kwa kweli, hakikuandikwa kwa ajili ya mgonjwa. Usipike kila pishi kama lilivyo ukidhani serikali imelipitisha kuwa chakula cha kisukari. Faida yake ni kwamba inakupa mahali pa kuanzia: unaona mafuta yaliyotumika, unayapunguza nusu, unaongeza mboga, na unajua umepunguza nini. Mimi nimefanya hivyo kwa mapishi ya kunde na mchicha, na sioni sababu ya kununua kitabu cha kinoa. Sukuma wiki yetu ni jamii moja na ile keli ambayo vitabu vya nje vinaisifu, na dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao hutoa kalisi ambayo minofu ya salmoni haifikii, mradi uwapate wasiotiwa chumvi.

Mwanatanga

Ninawashukuru sana. Kijitabu nimekiondoa, na nimeongea na mama kuhusu vidonge, amenielewa. Yamebaki maswali mawili. Mama anauliza sahani yake ionekaneje wakati sisi wengine tunakula kutoka chungu kile kile. Pia dukani wananiuzia chumvi «ya wagonjwa wa presha» yenye potasiamu, wakisema ni bora kuliko ile ya rangi ya waridi. Ninunue ipi?

Afisa Lishe Mstaafu

Nusu ya sahani iwe mboga zilizopikwa na kachumbari isiyo na chumvi, robo iwe samaki au maharage, na robo inayobaki ndiyo ya ugali au wali. Mpakulie mwenyewe mwanzoni, mboga zikitangulia kuwekwa, kwa sababu sinia la pamoja halimwonyeshi mtu amekula kiasi gani. Chapati ikipikwa, ihesabiwe katika robo ile ya wanga na isiongezwe juu yake. Familia nzima ikila hivyo hakuna atakayedhurika, na mama hataona kwamba ametengwa.

Chumvi ya rangi ya waridi ni sodiamu ile ile kwa kiwango kinachokaribia kile cha chumvi ya kawaida, na kwa kawaida haikuongezwa madini joto, ambayo chumvi yetu ya dukani huongezwa ili kuzuia rovu, kwa hiyo utalipa zaidi na kupata pungufu. Bakini na chumvi yenye madini joto, jumla yake kwa mtu mmoja isifike gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na iliyomo kwenye mkate na samaki wa ng'onda. Ile yenye potasiamu inaweza kushusha presha kwa watu wengi, lakini figo zikiwa dhaifu, au dawa ya presha ikiwa ya aina inayozuia potasiamu kutoka mwilini, potasiamu hurundikana kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Kisukari na presha vyote viwili huumiza figo. Usiinunue kwanza. Katika kliniki ijayo mwombe daktari kipimo cha figo, mwonyeshe jina la dawa ya presha anayotumia mama, na umuulize waziwazi kama chumvi hiyo inamfaa.