Uongozi wa wanafunzi ama mahakama za mfano, nishike gani?

Mtarajiwa_Nax: Habari zenu wadau. Niko mwaka wa pili sheria hapa Nakuru. Darasa linanisukuma nisimamie ukatibu wa chama cha chuo kizima, mwalimu naye anataka niingie timu ya mahakama za mfano (yale mashindano ya kutetea kesi za kubuni), alafu kuna kiti cha uwakilishi wa kitivo ambacho hakuna mtu anakitaka. Zote tatu siwezi, gredi zitaniponyoka. Nyinyi mliopita huko mnasemaje?

Komredi_Kondele: Nilikuwa chama cha chuo. Simu inalia saa nane usiku, mara maji yamekatika hosteli, mara mtu pesa ya mkopo wa masomo wa HELB haijaingia na hajala tangu jana, na huwezi kumwambia ngoja asubuhi kwa sababu ulimwomba kura. Semesta hio somo la Ushahidi nilirudia. Pia ujue sheria ya vyuo vikuu ilirekebishwa 2016, tukawa tunachaguliwa na wajumbe, sio wanafunzi wote, na muhula ni mwaka mmoja tu, ukianza kuzoea umeisha. Watu hupenda kutaja Orengo, aliongoza wanafunzi Nairobi miaka ya 70 na leo ni gavana wa Siaya, lakini huyo ni mmoja. Mimi ningeacha.

Atieno_Ksm: Kuhusu muda nakubaliana na wewe ndugu yangu, lakini kile kiti kidogo msikidharau. Mimi nilikuwa mwakilishi wa kitivo. Jioni moja msichana wa mwaka wa kwanza alinijia na barua ya nidhamu ameikunja mara nne mpaka imeanza kuchanika kwa mikunjo, anaitwa kikao kesho yake saa tatu, na barua inasema tu "utovu wa nidhamu", alifanya nini haijaandikwa. Tulikaa kwa ngazi za maktaba mpaka taa zikazimwa, tukafungua Katiba kifungu cha 47 na ile sheria ya 2015 ya haki katika maamuzi ya kiutawala, tukaandika ukurasa mmoja kuomba tuhuma ziandikwe na apewe siku za kujitayarisha. Mwenyekiti alisoma, akanyamaza, akasoma tena, kikao kikasongezwa wiki mbili. Hicho kifungu nilikuwa nimekikariri kwa mtihani, siku hio ndio nilikielewa. Mahakama ya mfano unapewa kesi ya karatasi, huyu alikuwa analia mbele yangu.

Mulembe_Kakamega: Dada umenigusa. Lakini mahakama za mfano zinakufunza kujibu jaji akikukatiza, na ukifika Kenya School of Law pale Karen, kule unakosomea uwakili baada ya digrii, mtihani wa mdomo una alama 20 kwa 100, mradi 20, kuandika 60. Nimeona watu wanaojua sheria vizuri wakikwama pale mdomo umekauka. Nilipotafuta wakili wa kunichukua miezi 6 ya mafunzo, mimi niliulizwa nimeandika nini, vyeo hakuna aliyeuliza.

Mtarajiwa_Nax: Asanteni sana. Chama cha chuo nimeachana nacho, nachukua fomu ya kitivo na mahakama za mfano nitaingia mwaka wa tatu. Dada Atieno, uliruhusiwa kuingia kikaoni naye?

Atieno_Ksm: Soma kanuni za nidhamu za chuo chenu kabla ya kurudisha fomu, kwingine mwakilishi yumo, kwingine hayumo. Kwetu hakuwemo, niliomba kwa barua nikakubaliwa kuketi kando yake bila kuongea. Alinishika mkono muda wote.