Mkuu wa wilaya na saa 48: yuko mhimili gani?

Mtu wa Ngamiani
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za saa hizi. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, kifungu cha 7 na cha 15, inamruhusu mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya kuamuru mtu akamatwe na kushikiliwa hadi saa 48. Katiba yetu ya Tanzania ya 1977, ibara ya 4, imegawa kazi kwa mihimili: kuna wa kutawala, wa kutoa haki na wa kutunga sheria. Ibara ya 107A ikaongeza kwamba mwenye kauli ya mwisho katika kutoa haki ni mahakama. Sasa mteule wa rais anayesimama kwenye mkutano wa hadhara na kusema "mwekeni ndani huyu", tumweke mhimili gani? Mimi nasema vifungu hivyo vifutwe.

Baba Kilindi
Mgosi (ndugu yangu), wewe wa mjini Tanga kituo cha polisi unakiona ukifungua dirisha. Njoo huku kwetu wilayani Kilindi, ng'ombe wakiingia kwenye mahindi usiku, watu wameshika mapanga. Hakimu kalala. Mkuu wa wilaya ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama. Akiagiza wachochezi wawili walale ndani, kunakucha salama.

Mwanasheria, Chumbageni
Hiyo ya Baba Kilindi sheria inaitambua. Mtu awe anaelekea kuvunja amani, sababu ziandikwe, na ndani ya saa hizo 48 afikishwe mahakamani, la sivyo aachiwe. Lakini mwalimu aliyechelewa kazini au mganga ambaye hakukutwa zahanati kavunja amani ya nani? Hilo ni la nidhamu ya kazi, na lina ngazi zake.

Linalonisumbua zaidi ni jingine, na halisemwi. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011, kamati ya maadili ya maafisa wa mahakama wilayani inaongozwa na mkuu wa wilaya huyohuyo. Hakimu anayepaswa kuihoji amri ya mkuu wa wilaya anajua malalamiko dhidi yake mwenyewe yatasikilizwa mbele ya nani. Mimi ningeanzia hapo kabla sijagusa saa 48.

Bibi wa Makorora
Wanangu, haya hayakuanza 1997. Enzi za Mwingereza bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, alitawala, na kesi alisikiliza yeye. Mjini hapa alikuwapo liwali, mkuu wa mji aliyewekwa na serikali, na baraza lake. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ndiyo iliyowaondolea kesi machifu na maliwali, tukaambiwa sasa hakimu ni hakimu. Huyu bwana shauri mpya kaingilia mlango gani?

Baba Kilindi
Shikamoo Bibi. Leo ndugu yako akishikiliwa kinyume cha sheria, Mahakama Kuu ipo hapo Tanga mjini.

Mtu wa Ngamiani
Kwa nauli ya nani, toka Kilindi? Wakili hajapatikana, saa 48 zimekwisha, mtu katoka, hakuna tena wa kuombewa mahakamani aachiwe. Halafu polisi tayari wanaweza kumkamata anayevunja amani bila hati, nao wamepewa saa 24. Kwa nini mkuu wa wilaya apewe mara mbili yao?

Baba Kilindi
Kwa sababu gari la polisi huku linasubiri mafuta. Yeye akisema, linatoka.

Mwanasheria, Chumbageni
Basi dai mafuta, usidai rumande! Anayekwenda kukamata si polisi yuleyule? Ninavyoona, amri ibaki kwa ghasia peke yake, nakala yake imfikie hakimu siku ileile, na uenyekiti wa ile kamati apewe jaji au hakimu mwandamizi.

Mtu wa Ngamiani
La kamati nakuunga mkono. La amri kubaki, hapana. Ukishamwachia "ghasia", ataziona hata kwa mwenye swali kwenye mkutano wa kijiji.

Baba Kilindi
Na mkiifuta, siku mapanga yakitoka nitampigia simu nani? Hilo hamjanijibu.