Mng'ao wa eksirei wa Cygnus X-1 hupanda na kushuka kwa kasi: ni nini kinachobadilika?

Mwanafunzi, Kisumu
Walimu na wenzangu, hamjambo. Nimesoma kwamba eksirei za Cygnus X-1, shimo jeusi lenye nyota jirani lililo umbali wa takriban miaka-nuru 7,200, hubadilika katika sehemu ndogo mno za sekunde. Ikiwa shimo jeusi halitoi nuru, basi kinachobadilika ni nini?

Mwalimu wa fizikia, Kakamega
Ni gesi. Shimo huvuta gesi ya nyota jirani, nayo huzunguka kwa umbo la sahani, ikisuguana hadi kufikia mamilioni ya digrii. Karibu kabisa na shimo kuna gesi nyembamba iitwayo korona, ambayo elektroni zake, zenye joto la takriban digrii bilioni moja, hugongana na nuru ya sahani na kuiongezea nguvu hadi iwe eksirei kali.

Kuhusu kasi, kitu hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja kabla nuru haijakivuka. Katika sehemu moja ya elfu ya sekunde, nuru husafiri kilomita 300, umbali unaozidi kidogo ule wa angani kati ya Kisumu na Nairobi. Eneo linalobadilika kwa muda huo haliwezi kuwa pana kuliko hapo, ilhali shimo lililomo lina uzito wa Jua letu mara 21 hivi. Mwanangu, hesabu hiyo ifanye mwenyewe kwa kalamu.

Msomaji, Nakuru
Nakubaliana na Mwalimu, ila si kila badiliko huzaliwa katikati. Mtu wa Budalang'i anajua kwamba Nzoia hufurika hata pasiponyesha kwao, kwa kuwa mvua ilinyesha juu mtoni. Vivyo hivyo, misukosuko ya polepole ya nje ya sahani huteremka ndani na kuzidishana na ile ya kasi iliyoko huko. Ndiyo maana mng'ao ukipanda, mitikisiko yake nayo hukua.

Setilaiti iliyoonyesha mabadiliko hayo ya Cygnus X-1 ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru.

Mwanafunzi, Kisumu
Nashukuru sana. Je, umbali kati ya korona na sahani unaweza kupimwa?

Mwalimu wa fizikia, Kakamega
Ndiyo, kwa mwangwi. Eksirei za korona zinazogonga sahani na kurudi hutufikia zikiwa zimechelewa kidogo kuliko zile zinazotujia moja kwa moja. Mwaka 2018, chombo cha NICER, darubini ya eksirei iliyoko angani, kilipoitazama MAXI J1820+070, shimo jeusi jingine, ucheleweshaji huo ulipungua wiki baada ya wiki, na watafiti wakaeleza kwamba korona ilikuwa ikisinyaa.